Uzi: Pyesi mupya, muzee ya reli na kijana ya Mwene-Ditu mu kamyo moja. Semeni mbele tuanze repetisyo (mazoezi)

MwanaKamalondo

Jambo bandugu, ba L'shi (Lubumbashi), ba Likasi, ba Kolwezi na nyie benye muko mbali. Tuko kundi kidogo ya teyatre, bachezaji batatu na mie mwenye kuandika, tunatengeneza pyesi mupya. Naiweka hapa kwanza kwa sababu humu kuko bantu benye banajua hii njia na hii mambo kushinda sisi, basi semeni yote sasa, siku ya kuonyesha itakuwa imechelewa.

Hadisi iko hivi. Kuko muzee moja, muKatanga, alitumika ku reli maisha yake yote, sasa eko nyumbani. Kuko na kijana ya Mwene-Ditu, muji ya Kasai, alikuya hapa kutafuta kazi, akaendesha moto (pikipiki) ya bantu, akalala na benzake mu chumba kimoja kule Kampemba, sasa anarudia kwabo. Bote babili banapanda kamyo moja, imebeba chumvi na sukari na sabuni inaenda Mwene-Ditu, na ku kurudi itabeba mahindi ya Kaniama. Muzee alilipa fasi ya mbele pembeni ya shoferi. Kijana naye alilipa fasi ya mbele. Shoferi aliuzisha ile fasi moja kwa bantu babili. Njo vile pyesi inaanza, bantu babili ku kiti kimoja, na hakuna mwenye anakubali kupanda yulu ya mizigo.

Kwa batoto ba juzi na kwa benye haiko ba huku, lazima nieleze juu ya nini urafiki ya muKatanga na muKasai ni nguvu. Reli ilifika hapa mu 1910, ikafika Bukama mu 1918, na mu 1928 ikatoboa mpaka kule Ilebo. Tangu ile miaka Union Minière, kampuni ya migodi, na reli ya BCK balikuwa banaleta bantu ba kazi kutoka Kasai, bantu bakakuya, bakazaa, bajukuu babo bakazaliwa mu makambi ya Likasi na Kolwezi, bakasoma huku, bakaoa huku. Halafu ikafika 1992 na 1993. Politike ya Kinshasa ilichafuka, huku bakubwa bakasema baKasai barudie kwabo, vijana bakaingia mu manyumba, na bantu bakafukuzwa maelfu na maelfu. Likasi na Kolwezi balilala miezi ku stasyo, mu mashule, pembeni ya reli, banangojea treni, bengi bakafa na njala na magonjwa pale pale mbele ya kupanda, bengine bakafia mu mabehewa. Muzee yetu ule wakati alikuwa anatumika ku stasyo. Alifanya nini, pyesi itasema kidogo kidogo.

Na haiko mambo ya zamani tu. Hii miaka vijana ba Kasai banaingia tena mingi kutafuta maisha, na kila siku mu taksibisi unasikia bantu banaongea maneno yenye inafanana na ya 1992. Njo sababu naandika sasa.

Juu ya nini kamyo, haiko treni? Treni yenyewe sijui lini inatoka lini inafika, na sisi bote tunakumbuka Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka ku Buyofwe upande ya Lubudi, bantu zaidi ya 70 balikufa, balikuwa bamepanda yulu ya mizigo kwa sababu hakukuwa njia ingine ya kusafiri. Muzee ya reli mwenye anakataa kupanda treni, ile peke yake inasema mambo mingi bila hotuba.

Na hapa njo nataka kusema kitu ya roho yangu. Tumechoka na pyesi za amani. Munazijua, ONG (shirika ya musaada) inaleta feza, inaleta na maneno, mu sene ya mwisho adui babili banapeana mukono, muntu moja anageukia bantu anasema tupendane, makofi, soda, kwisha. Bantu banatoka pale na banarudia kuongea vile vile mu taksibisi. Mie nataka urafiki yenye inatoka mu kazi ya njia, kusukuma kamyo pamoja, kutafuta mayi, kulala chini ya kamyo, na hakuna hata mara moja mwenye atatamka "urafiki". Huku tuko na mufano kubwa, Mufwankolo na kundi lake, balichezaka mu Kiswahili yetu ku radio na ku televizyo miaka na miaka, balikuwa banapatana yulu ya hadisi halafu banacheza bila kuandika maneno, na bantu ba Katuba na ba Kenya, mitaa ya L'shi, balijiona mule. Ile nguvu ilitoka ku kuangalia bantu vile beko, si vile tunataka bakuwe.

Sasa niko na mambo tatu yenye inanisumbua. Muzee anaenda Mwene-Ditu kufanya nini? Kwa sasa nimeandika anaenda ku kilio ya rafiki ya kazi mwenye alikufa, lakini ni zaifu, kila pyesi kuko kilio. Ya pili, kamyo tunaionyesha namna gani na feza hatuna? Ya tatu, mwisho. Mwenzangu moja anataka muzee aombe musamaha, mie sitaki.

---

ShoferiMuzeeLikasi

Mwanangu jambo. Mie nimetembeza ile njia miaka mingi mbele macho ichoke, basi nisikilize.

Kutoka L'shi mpaka Likasi, zile kilometa 120, usiweke kitu pale. Lami, peyaji ya kulipa njia, bantu banalala mu gari. Pitisha mbio. Njia yako inaanza pale Nguba, pale bengine banaendelea Kolwezi na weye unakata kuenda Luena na Kamina. Wakati yangu pale lami ilikuwa inakwisha na kuanzia pale ni Mungu tu. Musimu ya mvua matope inakamata kamyo mpaka mu tumbo, mu kiangazi mchanga inakamata, upande ya Kamina mchanga ni kama unga. Unaweza kulala fasi moja siku tatu na kamyo zingine nyuma yako mustari mrefu, mamama banatoka mu mikini (vijiji) banakuuzishia mihogo na kuku, inakuwa soko. Halafu ukifika Kaniama unaanza kukutana na vijana ba baiskeli, bamefunga magunia ya mahindi mpaka baiskeli haionekane, habapandi, banasukuma kwa miguu kuenda Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi. Ukipita nao karibu unasikia vile banapumua.

Sasa nikupe kitu ya teyatre. Kamyo ikipanda mulima na mizigo mingi, konvwayeri, musaidizi ya shoferi, hapande mu gari. Anakimbia nyuma kwa miguu na kipande ya mbao mu mukono, mbao nene ya pembe tatu. Kamyo ikichoka ikisimama, pale pale anatupa ile mbao chini ya gurudumu ya nyuma, mbele frein iachie. Akichelewa kidogo tu, kamyo inarudi chini na benye kuwa ndani bote. Shoferi hamuoni, mu kioo anaona vumbi tu. Anasikia sauti yake, "imekamata!", njo anapumua. Mie nilikuwa na konvwayeri moja, hatukuwa tunapatana hata kidogo, kabila mbali, dini mbali, tulikuwa tunakula mbalimbali, lakini kila mulima maisha yangu ilikuwa mu mikono yake na nilijua hatachelewa. Siwezi kukuambia ile kitu inaitwa nini.

Fanya konvwayeri agonjwe malaria mu njia, na ile kazi ya mbao ianguke kwa kijana yako. Na muzee akuwe mu kabine.

---

MwanaKamalondo

Muzee aksanti mingi, mingi sana. Ile "imekamata!" nimeiandika tayari. Naona muzee ya reli ameshika mulango mikono mbili, anasikiliza, na kwa mara ya kwanza anataka kusikia sauti ya ule kijana mwenye tangu Likasi alikuwa anamuambia anyamaze.

---

Kaka wa Mbeya

Habari za jioni wakuu. Mimi dereva wa Tanzania, napiga Dar kwenda Lubumbashi na Kolwezi, sasa hivi nipo hapa Kasumbalesa mpakani, foleni haisogei nikaona huu uzi. Kiswahili chenu nakielewa vizuri tu, miaka mingi nimekula ugali wenu.

Nachangia kidogo kuhusu kabini. Kutoka Dar mpaka kwenu ni karibu kilometa 2000, na mara nyingi napakia mtu simjui, fundi, au dereva mwenzangu gari lake limekufa. Kitu nimekiona ni hiki, watu wawili kwenye gari hawaangaliani. Wote macho mbele, kwenye kioo. Na ndiyo maana wanasema vitu ambavyo wakikaa mezani uso kwa uso hawasemi ng'o. Hasa usiku, taa za ndani zimezimwa, unamsikia tu mwenzako anaongea kama anaongea na barabara. Kuna mzee mmoja aliwahi kunieleza habari za mtoto wake aliyekufa, kuanzia Serenje mpaka Kapiri kule Zambia, hakunitazama hata mara moja, na mimi sikumtazama. Tulipofika akashuka akaniambia asante kijana, akaenda zake.

Kwa hiyo kwenye mchezo wako usiwageuze wakaongea wanatazamana. Waache wote wawili wawatazame watazamaji, yaani kioo cha mbele ndiyo watu waliokaa. Siku wanapogeuka kutazamana mara ya kwanza, watu wote watashtuka bila wewe kuwaambia washtuke.

---

DadaBukavu

Wooo huyu kaka wa Mbeya amesema kitu. Jambo bote, mimi niko mu teyatre pia, Bukavu, sisi tunacheza mu viwanja ya maparokia na mu mashule, kwa hiyo ile swali ya kamyo na feza hakuna naijua vizuri.

Usijenge kamyo. Ukijenga kamyo ya mbao na karito bantu bataangalia vile ilijengwa. Kamata benchi moja fupi, ifupi kweli, yenye bantu babili banajibanabana, shoferi akae ku kidumu ya njano yenye imelazwa, na usukani ikuwe sahani ya ugali. Nyuma yabo funga bashi (turubai) ya kamyo ya kweli, ya zamani yenye imetoboka, bantu ba huku kwetu wote banajua harufu ya ile bashi, iko na harufu ya mafuta na samaki na vumbi, wakati bantu banaingia banaisikia na bako mu njia tayari. Makelele ya motere muchezaji wa tatu anaifanya na kidumu, anaigonga na mikono, na huyo huyo wa tatu njo anakuwa shoferi, njo anakuwa askari wa bareri (kizuizi ya njia), njo anakuwa mama wa kuuza mihogo, anageuza tu kofia na kitenge. Sisi tulifanya hivyo na pyesi yenye inashuka Bukavu kuenda Uvira kupitia Ngomo, pale fasi ya kona na bonde, na tulikuwa na kidumu mbili tu, bantu bakashika benchi zabo kwa woga wakati gari inakata kona.

Kwa umeme usitegemee. Fanya taa za betri mbili, moja kwa uso ya muzee, moja kwa uso ya kijana. Giza yenyewe inakusaidia, ni usiku ya barabara.

Swali yangu moja, dada zetu beko wapi? Wanaume wawili mu kamyo, sawa, lakini mu kila kamyo ya Congo yulu ya mizigo kuko mama moja na magunia yake mwenye anajua bareri zote na majina ya maaskari bote. Huyo mama umusahau?

---

MwanaKamalondo

Dada yangu, mama wa yulu ya mizigo anaingia, na atachezwa na dada yetu mwenye alikuwa ameandikiwa ushoferi. Shoferi atabakia sauti tu kutoka nyuma ya bashi. Bashi ya kweli nimeisha kuomba kwa jirani.

Na kwa wale benye baliniandikia pembeni kuuliza kama tutacheza mu teyatre kubwa ya muji: ile jengo lenye bazungu balijenga mu miaka ya 1950 leo njo fasi badepite (babunge) ba jimbo banakaliaka. Sisi tutacheza mu lupango (kiwanja ya nyumba), Kamalondo, halafu tukipata ruhusa tutaenda Katuba na Ruashi. Kiko bora hivyo. Hii hadisi ilipitikana mu malupango, majirani na majirani.

---

NduguKampemba

Ndugu Mwandishi, nakupongeza, lakini yulu ya mwisho sikubaliane na weye. Sisi ni bantu ba imani. Kama muzee alikosa mu 1992 na pyesi inakwisha bila kuomba musamaha, unafundisha bantu nini? Bantu bataondoka na uchungu. Kijana naye lazima asamehe, mbele ya bantu bote, kwa sauti. Muji yetu inahitaji kuona ile kitu. Usiogope kusema wazi, Yesu alisema wazi.

---

Kijana_MweneDitu

Jambo. Mie ni muntu ya Mwene-Ditu, niko L'shi sasa, sitasema nafanya kazi gani.

Nitaongea bila kuzunguka. Munaongea hapa yulu ya kijana kusamehe, lakini hakuna mwenye ameuliza kijana anajua nini. Bibi yangu mwenye kunilea alizaliwa Likasi, mu kambi. Baba yake alizikwa Likasi. Mu 1992 bakamuambia arudie kwabo, na ile "kwabo" hakuwahi kuiona hata siku moja. Alifika Mwene-Ditu bantu ba pale bakamucheka, Tshiluba yake, luga ya Kasai, ilikuwa ya kukatakata, bakamuita muKatanga. Mpaka alikufa alikuwa anaongea Kiswahili mu nyumba, anapika bukari (ugali) ya mahindi tupu, unga ya muhogo alikuwa hataki kuchanganya, ba shangazi banakasirika. Mie Kiswahili yangu ilitoka kwake. Wakati nilifika hapa bantu bakaniuliza weye ni mutoto ya Likasi? Nikajibu hapana, ni muntu ya Kasai, nikaona sura zabo zinageuka.

Basi hii njo naomba. Kijana yenu akuwe anaongea Kiswahili ya zamani, ya makambi, ya bibi yake, na muzee mu kamyo asikie maneno yenye hajasikia tangu utoto yake, kutoka mu kinywa ya ule muntu mwenye anamuita mugeni. Na musimufanye malaika. Mie nilikuya hapa na chuki yangu pia. Nilikuwa naangalia kila muzee mu njia najiuliza, huyu ule siku alikuwa wapi. Muandike ile.

Na kusamehe, hapana. Ule mwenye angeweza kusamehe alizikwa Mwene-Ditu. Kijana hana ile ruhusa.

---

MwanaKamalondo

Ndugu yangu, nimesoma hii mara mingi. Kijana ataongea Kiswahili ya bibi, na sene ya bukari naiandika leo usiku: banasimama mu mukini moja mbele ya Luputa, mama wa mizigo analeta bukari yenye imechanganywa na muhogo kama vile banapendaka kule, muzee anasukuma sahani anasema hii si bukari, na kijana naye, muKasai, anasukuma sahani anasema bibi yangu alikuwa hakuli hii. Babili banabaki na njala pamoja. Mama wa mizigo anawaangalia, anakula yote.

Ndugu Kampemba, naheshimu imani yako na iko yangu pia, lakini umesoma vile mwenzetu amesema. Musamaha yenye ninaweza kuandika ni bei raisi, ni mistari mbili ya wino. Bantu benye kupoteza mama ku stasyo beko hai, bataikala mu lupango bananiangalia. Siwezi kuwapokonya kitu yabo na kuigawa kwa kalamu yangu. Muzee anaweza kusema alifanya nini. Pale ninasimama.

---

Mama_ya_Katuba

Mwanangu, nilikuwa nasoma tu sikutaka kuandika. Wakati niliona kichwa ya huu uzi nilisema hawa batoto banatafuta nini, kidonda ilifungika, muache. Lakini huyu mutoto ya Mwene-Ditu amenifungua kinywa.

Sisi tulikuwa tunaikala Likasi. Majirani yetu ba lupango ya pembeni balikuwa baKasai, mama yake na mama yangu balikuwa banachangia kisima na chumvi. Wakati balifukuzwa, ule mama alikuya usiku na mashini yake ya kushona, ya pedali, ya chuma yote, na meza yake ya mbao. Ku stasyo hawatamukubalia, behewa ilikuwa ya bantu, na hata bantu habakupata fasi. Akamuambia mama yangu, niwekee, mambo ikitulia nitatuma muntu. Mama yangu akaifunika na kitenge akaisukuma chini ya kitanda. Kila mwaka mbele ya Noeli anaitoa, anaipakala mafuta kwa sindano na kwa mukanda, anazungusha gurudumu na mukono kidogo kuona kama inatembea, anairudisha. Hakushonaka nayo hata nguo moja. Sisi nguo zetu za shule zilikuwa zinashonwa na fundi ya feza na mashini iko chini ya kitanda, tukimuuliza anasema si yetu.

Hakuna muntu alituma. Mama yangu alikufa. Mashini iko na mie hapa Katuba, na mie pia naipakala mafuta.

Sijui kama hii inasaidia pyesi. Nimeandika tu.

---

ShoferiMuzeeLikasi

Dada yangu. Naikumbuka ile stasyo. Aksanti.

---

MwanaKamalondo

Mama, nilisimama kuandika nikatoka inje kwanza.

Naomba kitu na unaweza kukataa, ukikataa sitauliza tena. Naomba muzee asafiri na mashini ya kushona. Njo sababu yake ya kuenda Mwene-Ditu, kilio ya rafiki inatoka. Lakini mu pyesi inakuwa hivi: muzee njo alikuwa ku stasyo anapanga nini inaingia mu behewa, na mama moja alifika na mashini, muzee akasema chuma hapana. Ule mama akaiacha pale mu mikono yake, akaandika jina kwa karatasi, akapanda. Muzee akaipeleka nyumbani, na bibi yake, muke wake, akashona nayo uniforme za batoto ba kata yote, miaka, ile mashini njo iliwalisha wakati mushahara ilikuwa haitoki. Bibi yake sasa amekufa, na mbele ya kufa alimuambia rudisha. Mashini iko nyuma yulu ya mizigo, imefungwa na kitenge, na kijana tangu Likasi anaiona bila kujua ni nini.

Najua mama yako hakushona nayo. Mu pyesi muzee lazima akuwe amekula ile kitu, ikikuwa safi sana anakuwa mutakatifu, na mie siwezi kuandika mutakatifu. Lakini kama ile inakuumiza yulu ya mama yako, sema.

---

Mama_ya_Katuba

Muzee yenu haiko mama yangu. Bibi yake ashone. Bantu bengi balishona, balikula, baliikala mu nyumba za benzao mpaka leo, na kila muntu Likasi anajua nani. Muandike ile.

Nakataa kitu moja tu, musiseme mashini ilibebwa na mapenzi. Mama yangu hakuwa anasema mapenzi. Alikuwa anasema "si yetu". Na mwisho inakuwa nini, ule mama anaonekana?

---

NduguKampemba

Mama pole sana. Mie nangojea pia hii jibu ya mwisho.

---

MwanaKamalondo

Mwisho ninaiona sasa, na nyie njo muliitengeneza.

Kwanza, hapana, bibi ya kijana si mwenye mashini. Najua bengi mutataka, ingekuwa tamu, lakini bantu balipanda ku ile stasyo balikuwa mingi sana, na nikifanya ikuwe bibi yake nawaambia bantu kama dunia inajipanga yenyewe.

Mulima ya mwisho iko mbele ya Mwene-Ditu, sawa sijui kama pale kuko mulima kubwa, muzee shoferi atanirekebisha, tutaiweka fasi yenye inafaa. Konvwayeri eko na malaria, kijana anakimbia nyuma na mbao. Ule wakati muzee mu kabine, giza, macho mbele, anaanza kusema yote ya stasyo, jina ya ule mama, chuma hapana, uniforme, yote, na kijana hasikie kwa sababu eko nyuma mu vumbi. Mama wa mizigo anasikia, sisi tunasikia. Kamyo inasimama. Kimya. Halafu "imekamata!". Kijana anarudi, anakaa ku benchi, anahema, muzee anageuka anamuangalia uso kwa uso mara ya kwanza, kaka wa Mbeya hii ni yako. Na muzee analazimika kusema yote tena, sasa mbele ya macho. Mara ya pili ni fupi sana. Kijana hajibu. Anauliza tu, karatasi ya jina iko wapi.

Sene ya mwisho beko Mwene-Ditu. Muzee hajui Tshiluba, hajui kata, eko na jina moja ya 1992 yenye wino imefifia. Kijana angeweza kuenda kwabo, safari yake imekwisha. Anafunga kitenge ku kichwa, anabeba mashini, kizito, magoti inatetemeka, anaanza ku lupango ya kwanza, anabisha odi, anauliza jina mu Tshiluba. Hapana, habamujui. Ya pili. Hapana. Muzee anamufuata na ile meza ya mbao. Mu lupango ya tatu tunazima taa.

Ndugu Kampemba, hii njo ninaweza kutoa.

---

NduguKampemba

Nimesoma. Niliikala na yenyewe kidogo. Nitakuya kuangalia na bibi yangu na batoto bakubwa. Na niko na jenereta kidogo kama taa za betri zikikosekana.

---

Kijana_MweneDitu

Mu lupango ya kwanza anaanza na moyo, "moyo webe", kila muntu anasalimia hivyo mbele ya kuuliza kitu. Kama munataka nitakuya kumufundisha muchezaji. Niko huru Jumamosi mchana.

---

DadaBukavu

Mashini ikuwe ya kweli jamani! Uzito haiigizwe, bantu banaona shingo.

---

Mama_ya_Katuba

Yangu haitoki mu nyumba, nisamehe mwanangu, iko na mwenyewe. Lakini soko ya Kenya kuko bafundi benye banauzisha za zamani zimekufa, gamba tu, mutapata kwa bei kidogo, na mie nitakuya Jumamosi nionyeshe vile inafungwa na vile mama alikuwa anapakala mafuta, sindano kwanza, halafu chini, halafu mukanda. Bibi ya muzee hata kama alishona, aipakale vizuri.

---

ShoferiMuzeeLikasi

Milima muweke upande huu, mbele ya Kamina. Kule Luputa njia imetulia, muchezaji akikimbia mulima pale bantu ba Kasai batacheka.

Jumamosi nakuya na bisi ya asubui. Mbao nitaleta, niko nayo bado, musitengeneze ingine na mbao ya kasha, inapasuka. Na ule kijana mwenye atakimbia avae viatu vya kufunga, kandambili hapana.